Mzee kukonda si "uzee tu"

"Bibi amekonda, lakini si unajua, ni uzee." Kauli hii imewachelewesha wazee wengi kupata msaada. Ni kweli misuli hupungua kidogo kidogo kadiri umri unavyokwenda, ila pete inayoanza kucheza kidoleni, meno ya bandia yanayolegea au mkanda uliotobolewa tundu jipya ndani ya miezi mitatu ni dalili ya kuchunguzwa.

Uchunguzi wenyewe si mgumu. Kipimo kifupi cha lishe ya wazee kiitwacho MNA-SF kina maswali sita: hamu ya kula, kupungua uzito, kutembea, ugonjwa au mshtuko wa kihisia wa karibuni, hali ya akili, na uwiano wa uzito na urefu. Alama za juu kabisa ni 14. 8 hadi 11 ni hatari ya utapiamlo, 7 kushuka chini ni utapiamlo wenyewe. Mzee asiyeweza kusimama kwenye mizani? Badala ya uwiano wa uzito na urefu, hupimwa mzingo wa shavu la mguu kwa futi ya fundi cherehani. Ukiwa chini ya sentimita 31, hapati alama kwenye swali hilo.

Hospitalini apimwe anapolazwa, kwenye makao ya wazee apimwe mara kwa mara, na nyumbani, ambako wengi wao wanaishi, mtu aulize. Mnene naye asirukwe: anaweza kuwa amepoteza misuli mingi bila mwili kuonyesha.