Jino Likinyamaza Lenyewe, Njoo Hata Hivyo

Kitabu cha maoni cha kliniki yetu kimejaa malalamiko ya aina mbili. Kwanza, mtu amewahi alfajiri akiwa ameshika shavu, halafu aliyefika nyuma yake akaingizwa kwa daktari kabla yake. Pili, mtu amekuja na jino linalomuuma, akatoka bila antibiotiki. Tunayapokea kwa moyo mmoja, na majibu ya yote mawili yanaanzia ndani ya jino.

Katikati ya jino kuna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, nacho kimezungukwa na kuta ngumu. Tundu likikikaribia, kiini huvimba, na kwa kuwa hakina pa kutanukia, shinikizo hupanda. Ukilala, damu huelekea zaidi kichwani. Ndiyo sababu jino hukorofisha usiku. Mishipa hiyo pia haielekezi vizuri: hukujulisha upande, si lazima jino. Kwa hiyo daktari akigonga meno matatu manne na kuyajaribu kwa baridi kabla ya kugusa lile ulilolinyooshea kidole, hajapotea njia. Tumeshawahi kuombwa kung'oa jino zima huku bovu likiwa la jirani.

Jino linalostuka kwa maji baridi na kutulia ndani ya sekunde chache, mara nyingi huokolewa kwa kuzibwa tu. Likiendelea kuuma kwa dakika kadhaa baada ya baridi au moto kuondoka, au likikuamsha usingizini bila kuchokozwa, kwa kawaida kiini kimeumia kiasi cha kutopona tena. Hapo ni matibabu ya mzizi, yaani kuondoa kiini na kuziba nafasi yake, au kung'oa. Kisha huja siku maumivu yanakatika yenyewe, na hapo ndipo tunapowapoteza wengi. Mtu hupiga simu kufuta miadi, anasema jino limepona. Kilichotokea mara nyingi ni kwamba kiini kimekufa. Bakteria huendelea kupenya kwenye mfupa kupitia ncha ya mzizi, na baada ya wiki au miezi mgonjwa yuleyule anarudi na jipu, akisema jino limekuwa refu kuliko mengine na halikanyagiki.

Wakati unasubiri miadi, mtu mzima asiye na kizuizi anaweza kutumia ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli miligramu 1,000. Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa saa 24, na hesabu hiyo ijumuishe iliyomo kwenye dawa za mafua. Ibuprofeni haimfai mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, mjamzito, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, wala mwenye pumu inayoamshwa na dawa za kundi lake, kama aspirini. Mfamasia akuulize, asipouliza, mwambie. Mtoto hupimiwa dozi yake kwa uzito, na hapewi aspirini.

Aspirini humezwa. Haibandikwi kwenye ufizi. Tunarudia kwa sababu bado tunapokea fizi zilizoungua hadi kuwa nyeupe. Na hakuna mdudu anayetafuna jino. Tundu huchimbwa na asidi ambayo bakteria huitoa wanapokula sukari.

Antibiotiki je? Husafiri kwa damu, na kiini kilichokufa hakipitiwi na damu. Kiini kilichovimba tu nacho hakitulizwi nayo. Mwongozo wa chama cha madaktari wa meno wa Marekani wa mwaka 2019 unashauri hivyohivyo: palipo na huduma ya meno, kwa maumivu mengi ya jino tiba ni kuondoa chanzo, na antibiotiki zisubiri dalili kwamba maambukizi yameanza kuenea mwilini, kama homa. Hatukunyimi dawa.

Sasa utaratibu wa foleni, maana hapa ndipo lawama zinapotokea. Kabla hujaandikishwa, muuguzi hukupima joto, hukutazama uso na shingo, na kukuambia ufungue mdomo. Kama vidole viwili haviingii kati ya meno ya juu na ya chini, anaandika. Kama una uvimbe chini ya taya au unaofunga jicho, mate yanakutoka kwa kushindwa kumeza, sauti imebadilika au ulimi umeinuka, hungoji foleni yoyote: unapelekwa hospitali, kwa kuwa uvimbe huo unaweza kuziba njia ya hewa. Ukiwa nyumbani, usije kwetu kwanza. Nenda hospitali moja kwa moja. Fanya hivyo pia taya likiuma pamoja na kifua kubana na jasho jembamba. Huenda ni moyo.

Anayefuata ni aliyeng'oka jino la ukubwani kwa ajali. Dakika 30 za mwanzo ndizo zenye matumaini makubwa ya kulirudisha. Kwa hiyo yule aliyekupita huenda alikuwa na jino lake kwenye kikombe cha maziwa. Baada yake ni wenye homa au uvimbe mwingine, kisha maumivu yasiyotulizwa na dawa, kisha waliobaki kwa saa ya kufika. Maumivu yaliyozidi siku mbili yanastahili miadi hata kama unayavumilia.

Miadi isiyoweza kutimizwa ifutwe saa 24 kabla. Asiyetoa taarifa, nafasi hupewa mwingine naye hurudi kwenye foleni ya wasio na miadi. Akikosa mara mbili, haandikiwi miadi mipya hadi aonane na msimamizi. Fomu ya ridhaa hutiwa saini kabla ya ganzi, si baada. Mtoto huja na mlezi.

Kung'oa jino la juu hakuharibu macho. Ganzi kweli hushika kwa shida penye uvimbe na uchungu mkali, na hiyo ni sababu nyingine ya kutongoja. Kama umekwisha kumeza dawa, andika jina lake na saa uliyomeza. "Kile kidonge cheupe" hakitusaidii.