Chapa ya Posta Isiyosomeka: Kabla ya Kununua Katriji Nyingine, Tazama Bahasha

Tarakimu 8 ikipoteza ubavu wake wa kushoto husomeka 3. Kwenye daftari la masjala kosa kama hilo unalikata kwa kalamu na kusaini pembeni. Kwenye chapa ya malipo ya posta, ile ambayo mashine ya ofisi huichapa kwenye bahasha badala ya stempu, huwezi, kwa sababu chapa ile ni fedha. Mashine imekwisha kukata salio lako, barua iko njiani, na karani wa upande wa pili anachokiona ni ada pungufu au doa asilolielewa. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500 za barabara. Barua ikikataliwa huko ikarudishwa, siku zilizopotea hazifidiwi na mtu.

Nafundisha ufundi wa mashine za ofisi katika chuo kimoja hapa Mtwara. Msimu wa korosho ukianza, Oktoba kuelekea Novemba, ofisi nyingi huwa na barua nyingi kuliko kawaida, na hapo ndipo simu zinapoanza: "Mwalimu, mashine yetu ya chapa inachafua bahasha, tumebadilisha katriji mara mbili na bado." Simu hizo ndizo zilizonifanya niandike makala haya. Katriji, yaani kasha la wino, ni ghali, huagizwa mbali, na mara nyingi haina kosa lolote. Kosa huwa kwenye mwendo wa bahasha na hali ya karatasi, vitu viwili ambavyo karani mwenyewe anaweza kuvishughulikia bila kumngoja fundi.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona, hii ni mashine inayochapa malipo ya posta moja kwa moja kwenye kona ya juu kulia ya bahasha badala ya kubandika stempu. Ofisi huweka salio, mashine hukata kiasi kila barua inapopita, na chapa huonyesha ada, tarehe na namba ya mashine. Si jambo geni. Stempu ya kubandika ilianza Uingereza mwaka 1840. Marekani iliidhinisha mashine ya Arthur Pitney na mwenzake Walter Bowes mwaka 1920, na Uingereza ikaanza kutumia mashine za namna hiyo mwaka 1922. Zile za zamani zilikuwa na pipa la chuma lenye maandishi yaliyochongwa, likipakwa wino na kukandamizwa juu ya bahasha kama muhuri unaozunguka. Za siku hizi hurusha matone ya wino bila kugusa karatasi, na tofauti hiyo ndiyo chanzo cha makosa mengi ya utunzaji. Mtu aliyezoea muhuri hudhani chapa ikififia dawa yake ni wino zaidi.

Fikiria kinachotokea ndani. Bahasha inaingia kati ya rola za mpira. Kihisi kinauona ukingo wake wa mbele na kuiambia mashine ianze kuhesabu. Kila rola inapozunguka kidogo, kichwa cha kuchapia kinarusha safu moja ya matone kutoka kwenye vitundu vyembamba visivyoonekana kwa macho, kisha safu nyingine, na nyingine. Kwenye mashine ya nukta 600 kwa inchi, kutoka safu moja hadi inayofuata ni kama sehemu 4 za mia za milimita moja. Sasa shika hili, maana ndilo kiini cha makala yote: mashine nyingi huhesabu mizunguko ya rola tu, hazina jicho la kuifuata bahasha yenyewe. Rola ikizunguka huku bahasha imeteleza, mashine haina habari. Inaendelea kurusha wino kana kwamba karatasi imesogea, na maandishi yanabanana. Utelezi wa asilimia 3 kwenye chapa yenye urefu wa milimita 100 unakula milimita 3 nzima. Kwa jicho la mtu ni kasoro ndogo. Kwa kifaa cha kusoma, ni msiba.

Nasema msiba kwa sababu mashine nyingi za kisasa huchapa pia ule mraba wa vidoti vyeusi na vyeupe unaobeba taarifa za malipo, na kidoti kimoja huwa na upana wa nusu milimita hivi. Aina inayotumika sana, Data Matrix, ina mistari miwili mizito inayokutana kwenye kona kama herufi L. Kifaa hutafuta hiyo L kwanza, ndipo kisome yaliyomo. Ndani ya mraba kuna hesabu za kurekebisha makosa, hivyo vidoti vichache vikifutika bado utasomeka. Lakini L ikipinda sana, au ule ukanda mweupe unaouzunguka mraba ukiingiliwa na maandishi ya nembo ya ofisi, kifaa hakijui pa kuanzia. Wanaobuni bahasha zenye nembo kubwa upande wa kulia, tafadhali sana, acheni kona ile wazi.

Chapa mbovu huwa inasema yenyewe inaumwa nini. Ukiona mstari mweupe mwembamba unaokwenda sambamba na mwendo wa bahasha, kutoka mwanzo wa chapa hadi mwisho, mahali palepale kila barua, hapo kweli kuna kitundu kilichoziba na usafishaji wa kichwa, ule unaoendeshwa na mashine yenyewe, utasaidia. Herufi zikibanana au kuvutika, ni rola. Chapa nzima ikilala upande, bahasha imeingia kombo: nyuzi 1 tu ya mkao mbaya inashusha ncha ya chapa kwa karibu milimita 2 kwenye urefu wa milimita 100, kwa hiyo kaza ile kingo ya kuongozea bahasha. Maandishi yakiwa na ukungu, vitone vimetawanyika pembeni, basi karatasi iko mbali mno na kichwa. Tone linasafiri hewani kabla ya kutua, na bahasha hailingoji. Umbali ukiongezeka mara mbili, kosa la kutua nalo linaongezeka mara mbili. Na ukiona chapa imekatika katikati kwa ngazi, nusu ya juu imesogea kushoto na ya chini kulia, mashine yako ina vichwa viwili visivyolingana. Kwenye menyu yake kuna ukurasa wa majaribio wa kuvilinganisha, na kazi hiyo ni ya dakika chache.

Mwaka mmoja niliitwa kwenye ofisi moja juu ya Uwanda wa Makonde. Walikwisha nunua katriji mbili. Nilikwenda na kichwa kipya mkobani, nikakifunga kabla ya kutazama kitu kingine chochote, na chapa ikabaki vilevile. Lile lilikuwa kosa langu, na tangu siku hiyo nawakataza wanafunzi wangu kugusa bisibisi kabla ya kushika bahasha. Nilipoziomba bahasha, mhudumu alileta boksi la khaki kutoka stoo iliyokuwa na dirisha lisilo na kioo. Nilichukua moja nikailaza mezani. Haikulala. Kona mbili zilikuwa zimeinuka kama jani la mgomba lililokauka upande mmoja, na gundi ya mfuniko ilikuwa imeanza kunata yenyewe. Rola nazo zilikuwa zinang'aa kama kioo kwa vumbi la karatasi lililogandamana juu ya mpira. Tukazipangusa kwa kitambaa kibichi kidogo, tukafungua pakiti mpya iliyokuwa kabatini ndani ya nailoni, tukapitisha bahasha 10. Zote 10 zilisomeka, kwa katriji ileile waliyokuwa wameitupa kwenye kapu.

Karatasi hunywa unyevu wa hewani na kuutoa tena. Nyuzi zake zikinywa maji hutanuka kwa unene zaidi kuliko kwa urefu, ndiyo maana bahasha haikui sawasawa bali hujipinda. Sisi wa pwani, kuanzia Kilwa na Lindi mjini hadi Mikindani na Msimbati, tunaishi na hewa nzito karibu mwaka mzima, na mvua zikishika, Desemba hadi Aprili, hali huwa mbaya zaidi. Kuna kosa moja nimelikuta mara nyingi mno: bahasha hukaa stoo yenye joto na unyevu, kisha huletwa asubuhi kwenye chumba chenye kiyoyozi na kuchapwa papo hapo. Upande wa juu wa rundo hukauka haraka, wa chini bado, na zinaanza kujikunja mezani unaziona. Zilete siku moja kabla, ndani ya pakiti yake, na ufungue zile utakazotumia siku hiyo tu. Unyevu wa chumba ukiwa kati ya asilimia 40 na 60, karatasi nyingi hutulia.

Aina ya bahasha nayo ina neno lake. Khaki nyembamba hufyonza wino na kuuacha utambae, na rangi yake hupunguza tofauti kati ya wino na karatasi, tofauti ambayo kifaa cha kusoma huitegemea. Bahasha zinazoteleza kama karatasi ya gazeti la picha zina ugonjwa wa kinyume, wino wa maji haukauki. Pitisha kidole baada ya sekunde 5. Wino ukiacha mkia, usizitumie kwa barua zinazobebwa wakati wa mvua. Kwangu mimi bahasha nyeupe ya kawaida isiyong'aa haina mpinzani. Barua yenye pini, funguo au rundo la stakabadhi isipite kwenye mashine kabisa. Chapa kwenye lebo, halafu ubandike. Makarani wengi hawatumii lebo kwa kuona ni kazi ya ziada, lakini kipande kimoja cha lebo ni rahisi kuliko barua iliyokwama kati ya rola na kukwangua uso wa kichwa.

Umeme. Mashine ikizimwa kwa kitufe chake, kichwa hurudi maegeshoni na kufunikwa kofia ya mpira inayozuia vitundu visikauke. Ukichomoa waya ukutani, au umeme ukikatika katikati ya kazi na mashine ikaachwa hivyo hadi Jumatatu, kichwa kinaweza kubaki wazi. Wino unaganda. Baada ya hapo mtu anaendesha usafishaji mara tano mfululizo, na kila usafishaji unakunywa wino. UPS ndogo, kile kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika, inatosha kuipa mashine muda wa kuegesha kichwa. Kama hamna, umeme ukirudi iwasheni kisha izimeni kwa kitufe, hata kama hakuna barua ya kuchapa.

Kuhusu kusafisha: rola hupanguswa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kilicholowanishwa kidogo kwa maji. Petroli na thina vinauvimbisha mpira na kuuharibu, nimeona rola zilizoota mabaka kwa sababu hiyo. Uso wa kichwa haupanguswi kwa kidole wala pamba. Ofisi zinazotazama bahari zipanguse mashine mara kwa mara zaidi, maana chumvi ya upepo hutua hata kwenye vihisi, na kihisi chenye utando huchelewa kuuona ukingo wa bahasha. Chapa basi inahama, leo milimita 2 ndani, kesho 4.

Kugundua kuhama huko hakuhitaji kifaa cha gharama. Chukua bahasha 10 za aina moja, zipitishe, halafu zipange zikiwa zimelingana ukingo wa kulia na uzipepee kwa kidole gumba kama mtu ahesabuye noti. Chapa ikiwa imara itaonekana imesimama palepale. Ikiwa inacheza, utaiona inarukaruka. Kisha pima kwa rula ya shule kutoka ukingo wa kulia na ukingo wa juu, kwenye ya kwanza na ya kumi, na uandike vipimo kwenye kaunta buku. Mashine nyingi zina chapa ya majaribio isiyokata salio, tumia hiyo. Na bahasha iliyoharibika kwa chapa halisi usiitupe, iweke na uulize posta utaratibu wa kurejeshewa kabla tarehe haijapita sana.

Kila asubuhi, bahasha moja ya majaribio ikatwe kona yake na ibandikwe kwenye kaunta buku hiyohiyo, tarehe pembeni. Siku mtakapomwita fundi, mpeni daftari hilo kwanza, pamoja na bahasha tatu mbovu na pakiti zilimotoka. Bahasha moja peke yake haitamwonyesha kama kosa linajirudia mahali palepale au linatembea.