“Unampenda Nani Zaidi?” Tunayoyaamini Kuhusu Watoto wa Talaka

Ndoa ikivunjika hapa Tanga, watu huuliza nani kabaki na nyumba na vyombo vimegawanywa vipi. Mtoto naye hupata swali lake, tena mbele ya wageni: “Unampenda nani zaidi, baba au mama?” Anayeuliza hucheka. Mtoto hutazama chini.

“Bado mdogo, haelewi kitu.”
Anaelewa. Hata asiyejua kusema husoma uso na sauti. Mtoto wa darasa la pili anayeumwa tumbo kila Ijumaa jioni, kabla ya kupelekwa Makorora kwa baba yake, huenda hana minyoo hata mmoja. Mwingine huanza tena kukojoa kitandani. Mwingine huwa mpole kupita kiasi, tukamsifu kwa adabu. Mara nyingi kapewa kazi ya utarishi: “Mwambie baba yako ada haijalipwa.” “Eti mama yako siku hizi anatembelewa na nani?” Akisema kweli kamsaliti mmoja, akificha kamsaliti mwingine. Mwisho hugundua njia nyepesi: amchukie mmoja kabisa, apumzike.

“Hakupigwa, basi hakuna ukatili.”
Sheria ya Mtoto ya 2009, inapoeleza maana ya ukatili kwa mtoto, inataja madhara ya kihisia, na matusi yamo pamoja na vipigo. Ukimwambia “sura hiyohiyo ya baba yako mwizi”, umemtukana yeye. Sura ni yake.

“Asiyetoa matumizi asimwone mtoto.”
Hili ndilo nalisikia zaidi, na anayelisema mara nyingi kadhulumiwa kweli: analea peke yake, na mwenzake hata simu hapokei. Ila kifungu cha 26 cha sheria hiyo kinampa mtoto wa wazazi walioachana haki ya matunzo, na tena haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi wa pili, mradi masomo yasivurugike. Haki zote mbili ni za mtoto, na moja si bei ya nyingine. Matumizi yadaiwe kwa afisa ustawi wa jamii au mahakamani. Mtoto asiwekwe rehani.

“Akifika miaka saba ni wa baba.”
Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kuwa aliye chini ya miaka saba ni heri akae na mama, na hilo laweza kupingwa kwa ushahidi. Haisemi kwamba akitimiza saba afungiwe begi. Wengine huleta dini, lakini katika fikihi ya Kishafii, yaani sheria ya Kiislamu ambayo wengi wetu wa pwani tunaifuata, mtoto aliyefikia umri wa kupambanua huchagua mwenyewe. Mbele ya kadhi lakini, si sebuleni kwa shangazi.

“Wanaowajaza watoto maneno ni akina mama.”
Na akina baba. Na bibi zao pande zote mbili.

“Akimkataa mzazi, kalishwa maneno.”
Hapa twende polepole. Mwaka 1985 daktari wa akili wa Marekani, Richard Gardner, aliliita jambo hili ugonjwa. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa huko, toleo la 2013, haukuuweka. Mwaka 2023 Reem Alsalem, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa, alionya kuwa dai hilo hutumiwa mahakamani kuwageuzia kibao akina mama wanaoripoti ukatili. Kulishwa maneno kupo, nimeshuhudia mwenyewe. Lakini mtoto pia humkimbia aliyempiga, aliyemshika vibaya, au aliyempiga mama yake akiona. Anayerudia maneno ya watu wazima, ukimwomba mfano akakosa, anatia shaka. Hata hivyo shaka si hukumu. Achunguze afisa ustawi, na simu 116 ya huduma kwa mtoto haina malipo.

Na lile swali la nani anapendwa zaidi, ukilisikia barazani, mtume mtoto dukani kabla hajajibu.