Serikali ya Kihafidhina: Inahifadhi Nini Hasa?

Kwenye vijiwe vya kahawa Kariakoo, ukimwita mtu mhafidhina ataelewa umemwita king'ang'anizi wa mambo ya kale. Kwa maana hiyo, chama cha Wahafidhina cha Uingereza kinashangaza: chini ya waziri mkuu Margaret Thatcher, kuanzia 1979 hadi 1990, kiligeuza uchumi wa nchi ile kiasi kwamba hata wapinzani wao walipoingia madarakani hawakuurudisha ulikotoka.

Uhafidhina ni imani kwamba yaliyodumu yamedumu kwa sababu: familia, dini, mali ya mtu binafsi, mahakama, na ufalme pale ulipo. Edmund Burke, mbunge wa Uingereza, aliandika hivyo mwaka 1790 akiyashutumu Mapinduzi ya Ufaransa. Hakukataa mabadiliko, alikataa pupa. Katika serikali za leo imani hiyo huonekana katika kodi ndogo ya mapato, matumizi ya serikali yaliyobanwa, biashara iliyoachiwa nafasi, polisi wenye meno na mipaka inayolindwa. Si kila serikali ya aina hii hubeba yote hayo, na nyingine huhubiri kubana matumizi huku zikikopa.

Thatcher alianza na kodi. Kiwango cha juu kabisa cha kodi ya mishahara kilikuwa asilimia 83, akakishusha hadi 60, na mwaka 1988 kikafika 40. Pengo likazibwa kwa VAT, kodi inayolipwa mtu anaponunua bidhaa, iliyopanda kutoka asilimia 8 hadi 15. Vyakula vingi havikuguswa, lakini mzigo ulikuwa umeshahamia kwenye kaunta ya duka.

Kisha nyumba. Sheria ya 1980 iliwapa wapangaji wa halmashauri haki ya kununua nyumba walizoishi, tena kwa punguzo kubwa. Hapa Dar es Salaam mambo yalikuwa yamekwenda kinyume chake. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na ghorofa nyingi za katikati ya mji na Upanga zikawa nyumba za Msajili wa Majumba, yaani za serikali. Mwalimu Nyerere alitaka kukata unyonyaji wa mwenye nyumba, Thatcher alitaka kila mpangaji awe mwenye nyumba. Kwa maoni yangu, ukiielewa tofauti hiyo moja umeuelewa uhafidhina kuliko kwa kusoma ilani kumi.

Baadaye Tanzania nayo iligeuka. Baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) mwaka 1986, waliotetea Azimio la Arusha ndio walioonekana wahafidhina, ingawa sera zao zilikuwa za kijamaa kabisa. Ubinafsishaji ukafuata: Kampuni ya Bia, Benki ya Taifa ya Biashara, hata maji ya Dar es Salaam, yaliyokabidhiwa kampuni ya City Water mwaka 2003. Mkataba huo serikali iliuvunja mwaka 2005.

Upande wa uongozi, waziri mkuu wa Uingereza hachaguliwi na wananchi moja kwa moja. Hukaa madarakani maadamu wabunge wa chama chake wanamtaka, na Wahafidhina hawana huruma kwa kiongozi anayeanza kunuka kushindwa. Thatcher alishinda chaguzi tatu, kisha akaleta kodi ya kichwa, ambayo tajiri na mtu wa kawaida wa mtaa mmoja walilipa sawa. (Wazee wetu wanaijua kodi ya aina hiyo. Kwetu kodi ya maendeleo ilifutwa 2003.) London ilizuka ghasia Machi 1990, na kufika Novemba, wabunge wake wenyewe wakiwa wamemgeuka pia kwa suala la Ulaya, alijiuzulu.

Liz Truss, waziri mkuu mwingine wa Wahafidhina, alidumu siku 49 tu mwaka 2022. Alitangaza punguzo kubwa la kodi bila kueleza fedha zitatoka wapi, wawekezaji wakauza hati fungani za serikali, pauni ikaporomoka na riba za mikopo ya nyumba zikapaa. Alishika nusu ya uhafidhina inayopendwa jukwaani, ile ya kupunguza kodi, akaiacha nusu ya pili inayodai hesabu za serikali zikae sawa. Na miongoni mwa wenye nyumba waliolipia mikopo hiyo walikuwamo wapiga kura wa chama chake.