Si kila gari lisilovuta linamisi

Juzi nimelisikia tena neno hili, kumisi. Mtu anakanyaga mafuta, gari halichanganyi, na kabla hajashuka ameshatoa hukumu: "Linamisi." Fundi naye haulizi. Anafungua boneti, anatoa plagi nne, zile za kutoa cheche ya kuwasha mafuta, anafunga mpya. Gari linatoka gereji vilevile lilivyoingia.

Kumisi ni silinda kushindwa kuchoma mafuta zamu yake inapofika. Basi.

Neno ni miss ya Kiingereza, kukosa, lile lile la "nimekumisi": kilichotarajiwa hakipo. Jina refu la ugonjwa, misfire, lilikuwa la bunduki kabla ya kuhamia kwenye injini. Umefyatua, risasi haikutoka. Kwa hiyo ndani ya neno hili lazima kuwe na mlipuko uliokosekana. Hapo ndipo ninapogombana na watu, maana silinda zote zinaweza kulipua bila kuruka hata moja na gari bado lisivute.

Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inalipua mara 1,500. Moja ikigoma, huhitaji kuambiwa. Injini inatetemeka kama mwenye homa hata gari likiwa limesimama, na mlio wa ekzosi unakatikakatika, puf, puf. Kama kila plagi ina koili yake, ya kuipa umeme wa cheche, fundi makini anachomoa soketi za koili moja moja injini ikiwa inaunguruma. Akichomoa na mtetemo ukaongezeka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Akichomoa na kusitokee mabadiliko, mgonjwa ndiye huyo.

Sasa chukua gari jingine, linalopanda mlima Kitonga. Injini imetulia, mlio laini, ila umekanyaga hadi chini na malori yanakupita. Hilo halimisi, halivuti. Huenda filta ya mafuta imeziba, au pampu imechoka, au masega, yaani kile kisafisha moshi kilichomo kwenye ekzosi, yameziba na moshi hauna pa kutokea. Na kama mshale wa resi unapanda huku wa mwendo umelala, injini haina kosa lolote. Klachi ndiyo inateleza.

Kinachowachanganya wengi, nakiri, ni kwamba ugonjwa mmoja huzaa mwingine. Gari likimisi muda mrefu, petroli isiyoungua inakwenda kuwakia kwenye masega na kuyayeyusha hadi yanaziba. Ukibadilisha plagi baada ya hapo, kumisi kunaisha kweli, lakini kuvuta hakurudi, na fundi anaonekana mwongo.

Kwa hiyo ukifika gereji, usimpelekee fundi jina la ugonjwa. Mwambie tu, "Fundi, nikikanyaga halivuti, ila halitetemeki." Plagi ataziacha kwanza.