Maombi yaendelee na mgonjwa ageuzwe: maswali na majibu kuhusu walioumia uti wa mgongo

Haya maswali nakutana nayo wodini na nikienda kuwaona wagonjwa majumbani. Wengi wameumia kwa bodaboda, wengine wameanguka kwenye mwembe au mnazi, wengine wamefukiwa na kifusi machimboni. Familia zao ni watu wa dini na mimi pia ni mtu wa dini, kwa hiyo tusikilizane vizuri tu.

Kuumia uti wa mgongo maana yake nini?

Ndani ya pingili za mgongo unapita uti unaotoka kwenye ubongo, ndio unaopeleka amri kwenye misuli na kurudisha hisia, na ndio unaosimamia mkojo, choo na nguvu za ndoa. Ukibanwa au kukatika, chini ya hapo panapooza na panakufa ganzi. Shingoni inagusa mikono na miguu, chini ya hapo inagusa miguu. Mengine daktari wenu atawaonyesha kwenye picha.

Atatembea tena?

Inategemea uti umeumia kiasi gani. Kama bado ana hisia kidogo au kidole kinacheza kwa amri yake mwenyewe, matumaini ni makubwa zaidi. Wiki za mwanzo uti unakuwa kwenye mshtuko, hivyo ni mapema mno kutoa hukumu, na mabadiliko mengi huonekana kwenye miezi 6 mpaka mwaka wa kwanza. Sasa angalia, hiyo miezi ndiyo hiyohiyo watu wanampeleka mgonjwa kukaa kwenye maombi bila fizio, yaani mazoezi ya tiba ya viungo.

Tumeamua aende kwenye maombi kwanza, fizio atarudi baadaye. Si sawa?

Hapana. Sio sawa hata kidogo. Hakuna "kwanza" na "baadaye" hapa, maombi na matibabu vinakwenda siku moja, kitanda kimoja. Mgonjwa anaruhusiwa ngozi yake safi kabisa, familia imefundishwa kila kitu, halafu anapotea miezi miwili mitatu, anarudi na kidonda juu ya makalio ngumi inaingia, mfupa unaonekana, ana homa, amekonda, na ukiuliza mlikuwa wapi unaambiwa tulikuwa tunasubiri Mungu atende. Jamani, Mungu hajamwomba mtu yeyote amwache ndugu yake aoze ili ionekane ana imani. Mfalme Hezekia alipougua karibu kufa aliomba na akaahidiwa kupona, na bado nabii Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu lake, iko kwenye 2 Wafalme 20. Na Waislamu wote tumefundishwa, mfunge ngamia kisha mtegemee Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo kiongozi wa dini akikwambia kumgeuza mgonjwa au kumpeleka kliniki ni kukosa imani, mjibu kwa heshima kwamba hapo hapana, na umgeuze.

Kidonda kinatokeaje wakati hajalalamika maumivu?

Hajalalamika kwa sababu hasikii. Wewe ukilala upande mmoja unaumia, unajigeuza hata usingizini, yeye hawezi. Mfupa unabana nyama dhidi ya godoro, damu haipiti, nyama inakufa, na saa chache tu zinatosha kuanzisha. Ndio maana mgeuzeni kila saa 2 akiwa kitandani, na akiwa kwenye wilichea ajiinue au ainuliwe au ainamishwe mbele kila baada ya dakika 15 hadi 30. Zamani watu walioumia uti walikufa ndani ya muda mfupi kwa vidonda na maambukizi ya mkojo, na madaktari wenyewe walikuwa wamewakatia tamaa. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann pale Stoke Mandeville, Uingereza, akaweka sheria ya kuwageuza kila saa 2 usiku na mchana na kuwafanyisha mazoezi, wakaanza kuishi, na kufika 1948 wagonjwa wake walikuwa wanashindana kulenga mishale wakiwa kwenye viti vyao.

Kila asubuhi na jioni kagua mgongo chini, makalio, nyonga, vifundo na visigino. Kwenye ngozi yetu nyeusi usisubiri wekundu, tafuta sehemu iliyozidi weusi, yenye joto, ngumu au imevimba. Ikibaki hivyo nusu saa baada ya kumtoa hapo, asilalie tena mpaka ipoe. Usipasugue. Na ule mpira wa tairi mnaomkalisha katikati uondoeni, unazidi kukata damu.

Na usiku je, si tulale tu?

Hapana, usiku ndio vidonda vingi vinapatikana. Wekeni alamu kwenye simu na mgawane zamu, asiachiwe mama au mke peke yake huku wajomba na mashemeji wakija kuombea nusu saa na kuondoka. Ukitaka kuombea, njoo saa nane za usiku, mgeuze huku unaomba.

Miguu imeanza kurukaruka yenyewe, wanasema ameshapona.

Mshtuko wa uti ukiisha misuli inaweza kuruka na kukakamaa bila amri ya ubongo. Mwambie anyanyue mguu kwa kutaka kwake, akiweza hiyo ni habari njema, mjulisheni daktari, asipoweza basi ni mkakamao na anahitaji kunyooshwa viungo kila siku. Kwa vyovyote msiache kumgeuza wala msitupe dawa. Ikiwa Mungu ameshamponya, kumgeuza hakutaharibu chochote.

Anataka kufunga siku tatu bila maji.

Asifunge. Bila maji mkojo unakuwa mzito, mpira wa mkojo unaziba, anapata maambukizi na mawe, na choo kinakaza. Kurani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga Ramadhani. Nyie wazima fungeni kwa niaba yake.

Tumkande na maji ya moto?

Hapana, anaungua na hasikii. Mafuta ya kuombea mpakeni, yawe ya baridi, na msimchue kwa nguvu.

Amenyamaza, anasema Mungu amemuacha.

Hili linaniumiza kuliko yote. Kijana juzi alikuwa fundi anategemewa na nyumba nzima, leo anavuliwa nguo na mama yake. Mwacheni alie, mwacheni hata amlalamikie Mungu, Ayubu alilalamika na hakufukuzwa. Ila msimwambie kamwe kwamba haponi kwa sababu imani yake ni ndogo au ana dhambi anayoificha. Hayo maneno nimeyaona yakimfanya mtu agome kula. Imani ninayoiona ikiwabeba watu ni ile ya kila siku, anasali asubuhi, halafu anajitoa mkojo mwenyewe kwa mrija safi kila saa 4 hadi 6, anafanya mazoezi ya mikono mpaka jasho, kesho anarudia hata kama mguu haujacheza. Wako waliorudi kushona, kutengeneza simu, kufundisha, wanakwenda ibadani na wilichea yao. Mleteeni mtu kama huyo azungumze naye, ana uzito kuliko mimi. Akisema anataka kufa, au anakataa chakula na dawa, msimwache peke yake na mleteni siku hiyohiyo.

Kidonda tayari kipo, tunaona aibu kurudi.

Rudini. Ukigombezwa vumilia, kidonda kisafishwe kwanza. Kikiwa kidogo kinafunga kwa kukitoa kwenye mgandamizo, kukisafisha na kumlisha vizuri, mayai, maharage, samaki, dagaa. Kikiachwa kinafika kwenye mfupa, na sumu ikiingia kwenye damu anakufa kwa kidonda, wala sio kwa mgongo. Msiweke majivu wala unga wa vidonge. Kikinuka, kikitoa usaha, au ana homa na kutetemeka, au ameanza kuchanganyikiwa, msisubiri ibada ya Jumapili wala Ijumaa, tafuteni gari usiku huohuo, anayeombea apande naye.