La Bamba: mengi unayojua kuhusu Ritchie Valens ni ya kwenye muvi

Muvi ya La Bamba, ya maisha ya mwanamuziki wa rock wa Marekani Ritchie Valens, ilitoka 1987 na mpaka leo watu wanairudia, mi mwenyewe nishapoteza hesabu, ila kila ikitajwa zinakuja stori zilezile ambazo sio.

Kubwa kuliko zote, eti Ritchie ndo alitunga ule wimbo. Hapana jamani. La Bamba ni wimbo wa kienyeji wa Veracruz kule Mexico, ulikuwepo zamani kabla dogo hajazaliwa, yeye aliubeba tu akautia gitaa la umeme na midundo ya rock (na ukiusikia na masikio ya Kiswahili jina lenyewe linabamba). Halafu wengi wanadhani Kihispania kilikuwa kinamtoka kama maji. Wapi! Kazaliwa 1941, kakulia Pacoima huko Los Angeles, lugha yake Kiingereza, yale maneno ilibidi ayakariri kama mtoto wa madrasa anavyohifadhi juzuu kabla hajajua maana.

Na wala sio huo uliompaisha zaidi. Donna, ule wa kumlilia mpenzi, ndo uliofika namba 2 Marekani, La Bamba ilikuwa upande wa pili wa santuri hiyohiyo na iliishia namba 22. Iliyofika namba 1 ni ya bendi ya Los Lobos walioirudia, mwaka wa muvi. Ndo hao pia unaowasikia kwenye muvi yenyewe, sauti ni ya David Hidalgo, Lou Diamond Phillips anayemuigiza Ritchie anafungua mdomo tu. Tena Phillips sio Mmeksiko, kazaliwa Ufilipino. Ila anavyoigiza, mi nilidanganyika miaka.

Sasa ile ndoto ya ndege kugongana anayoota Ritchie kwenye muvi, watu wanasema ni chumvi ya waandishi. Kisa chenyewe ni cha kweli. Tarehe 31 Januari 1957 ndege mbili ziligongana juu ya Pacoima, mabaki yakaangukia uwanja wa shule aliyokuwa anasoma Ritchie, wanafunzi watatu wakafa, yeye siku hiyo hakwenda shule kwa sababu walikuwa wanamzika babu yake. Baada ya hapo akawa anaogopa ndege.

Mtu atauliza, kama anaogopa alipanda ya nini? Baridi bwana. Februari 1959 walikuwa kwenye ziara na staa mwenzake wa rock Buddy Holly, basi halina hita, mpiga dramu wa Holly miguu ikaharibika kwa baridi mpaka akalazwa. Holly akakodi kindege, rubani na abiria watatu basi, viti alipanga viwe vyake yeye na wanamuziki wake wawili. Ritchie akang'ang'ania kiti cha mpiga gitaa Tommy Allsup, wakarusha sarafu, na hiyo haikuwa pale uwanja wa ndege kwenye theluji kama muvi inavyoonyesha, ilikuwa ukumbini Clear Lake, Iowa, walipotoka kupiga shoo. Ritchie akashinda, akapanda, ndege ikaanguka na wote waliokuwemo wakafa. Na ile ya kwamba ndege iliitwa American Pie ni uzushi, haikuwa na jina, ilikuwa na namba tu mkiani.

Alikuwa na miaka 17, na ustaa wake wote haukufika mwaka, ni kama miezi 8 hivi. Allsup aliyeshindwa sarafu kafariki 2017, ana miaka 85.